Nyama hii ya ng'ombe kweli?

SWALI: Shikamoo bibi. Nauza sambusa Darajani. Juzi nilinunua pakiti mbili za nyama ya kima iliyogandishwa. Kukaanga tu, harufu siyo. Mume wangu anasema kipimo cha DNA kitaijua ni ya mnyama gani. Hata ikishaiva? – Mama Sambusa, Unguja

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimecheka kidogo, nikawakumbuka kima punju wa Jozani! Naam, hata ikishaiva. Moto huikatakata DNA, lakini vipande vifupi hubaki, hasa vya mitokondria, vile vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, ambavyo kila seli inavyo kwa wingi. Maabara huvizidisha mamilioni ya mara kwa njia ya PCR, kisha huvilinganisha na vya ng'ombe, punda, nguruwe. Ndivyo Ireland ilivyotangaza, Januari 2013, baga za "ng'ombe" zenye farasi. Moja ilifika asilimia 29.

Lakini DNA haitakwambia kama mnyama alichinjwa kwa bismillahi, wala kama nyama imevunda. Nami hapo kwenye kuvunda ndipo ninaposhuku. Sambusa hizo usiziuze. Weka pakiti kwenye friza uwaoneshe wakaguzi wa chakula, na kesho nunua mnofu usagiwe mbele ya macho yako.