Unga wa Protini: Kabla ya Mazoezi au Baada Yake?

SWALI: Assalaam alaykum, mtaalamu. Mimi ni kijana wa miaka 23 wa Wete, Pemba, na uzito wangu ni kilo 60. Nanyanyua vyuma siku nne kwa wiki, baada ya sala ya Isha. Mwalimu wetu wa mazoezi anasema kwamba nisipokunywa unga wa protini ndani ya nusu saa baada ya kumaliza, jasho langu limepotea bure. Wenzangu nao wananihimiza ninywe kinywaji cha kuongeza nguvu kabla ya kuanza. Kopo moja la unga linanimalizia karibu nusu ya kipato changu cha mwezi. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Hiyo nusu saa isikutie wasiwasi. Misuli iliyofanyishwa kazi nzito huendelea kujijenga kwa saa 24 na zaidi, kwa hiyo kinachohesabiwa kwanza ni jumla ya protini unayoila kutwa nzima, si dakika unayoinywa. Kwa wanyanyuaji walio wengi, gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito wa mwili zinatosha. Kwako wewe ni gramu 96 kwa siku.

Kabla hujatoa fedha, tuihesabu sahani yako. Mayai mawili na glasi ya maziwa asubuhi ni gramu 20 hivi. Mchana, wali pamoja na kipande cha changu chenye uzito wa gramu 150 baada ya kupikwa hukupa kama 38. Usiku, bakuli la kunde lina kama 13, na pweza wa gramu 100 aliyechemshwa ana 25 au zaidi. Tumeshafika 96 na kopo halijafunguliwa. Inaniuma kuona vijana wanaoishi hatua chache kutoka diko la samaki wakishinda kwa chai na mkate ili wapate akiba ya kununua unga, kwa sababu unga huo, mara nyingi uliotengenezwa kwa maziwa, ni chakula tu kilichokaushwa.

Simaanishi kwamba haufai. Mtu ambaye kazi yake haimpi nafasi ya kula mchana anaweza kunywa kipimo kimoja, ambacho kwa kawaida huwa na gramu 20 hadi 25 za protini, kabla au baada ya mazoezi, vyovyote tumbo lake litakavyopenda. Ukijaa gesi au ukaharisha, huenda tumbo lako halivumilii sukari ya maziwa. Ligeuze kopo usome maandishi ya nyuma: mengi yanayouzwa kwa jina la kuongeza uzito yana wanga na sukari nyingi kuliko protini, na wanga huo unao tayari kwenye muhogo na ndizi za nyumbani.

Soma pia kwa tahadhari, kwani si kila kilichomo huandikwa. Mwaka 2004 watafiti wa Cologne, Ujerumani, walitangaza kwamba katika virutubisho 634 walivyovipima, vilivyokusanywa kutoka nchi mbalimbali, karibu 15 katika kila 100 vilikuwa na homoni ambazo hazikutajwa kwenye kopo. Usinunue unga uliopimwa na kufungwa upya katika mfuko wa plastiki, hata ukiuziwa na rafiki. Na ukilitilia shaka kopo, wapelekee taarifa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Mwenye maradhi ya figo asianze kabisa kabla ya kuonana na daktari wake.

Ama kinywaji cha kuongeza nguvu, hicho nakukataza kwa saa unazofanya mazoezi. Nguvu yake hasa ni kafeini, na kipimo kimoja huweza kuwa na miligramu 200 au 300, ilhali mtu mzima mwenye afya hushauriwa asizidishe 400 kwa siku nzima, kahawa na chai zikiwemo. Mwili huchukua takriban saa tano kuipunguza nusu yake. Ukinywa miligramu 200 saa tatu usiku, saa nane bado unazo 100 mwilini, nawe unageuka kitandani, na usingizi huo unaoukosa ndio ambao misuli yako inauhitaji ili ijijenge. Kunywa maji, na kula ndizi mbili saa moja kabla ya kwenda kunyanyua.