Antivirusi ya bure: maswali yenu saba

Tangu vyuo vifunguliwe, maswali yanayonifikia yanazunguka jambo moja: kompyuta ya nyumbani italindwaje bila kulipia kila mwaka? Nimechagua saba na kuyafupisha. Kompyuta zote zinazotajwa hapa zinatumia Windows.

Habari za kazi. Nimemnunulia binti yangu kompyuta, anaanza chuo. Muuzaji anasema nisipolipia antivirusi ya mwaka mzima, haitamaliza miezi miwili. Ni kweli? (Mzazi, Dodoma)

Nzuri, mzee wangu. Si kweli, na hiyo hela mnunulie diski ya nje ya kuhifadhia kazi zake. Windows inakuja na antivirusi yake ndani, inaitwa Microsoft Defender, na imekuwemo tangu toleo la 8 la mwaka 2012. Miaka ile ya mwanzo ilikuwa dhaifu kweli, na sifa hiyo mbaya ndiyo wauzaji wengi bado wanaitembeza. Siku hizi AV-TEST, maabara ya Ujerumani inayopima antivirusi, inaipa alama za juu sawa na nyingi za kulipia. Kwa mwanafunzi anayeandika kazi zake, anayesoma barua pepe na kutazama video, inatosha.

Ila kagua kitu kimoja kabla hajaondoka nayo. Kompyuta nyingi mpya zinakuja na antivirusi nyingine ya majaribio, ya mwezi mmoja au zaidi kidogo. Ikiwepo hiyo, Defender anajiweka pembeni. Muda wa majaribio ukiisha, binti atabaki na programu inayomdai pesa kila asubuhi huku ulinzi wake umechakaa. Iondoe kabisa kwenye orodha ya programu, zima na kuwasha, Defender atarudi kazini mwenyewe. Kisha andika Windows Security kwenye sehemu ya kutafutia, ufungue. Ukiona alama za tiki za kijani, mruhusu aende zake.

Nina Avast, nina AVG, na fundi kaniongezea Smadav kwa ajili ya flashi. Kompyuta inawaka kwa dakika kumi. Nitoe ipi? (Kijana, Mwanza)

Avast na AVG zote, ndugu yangu. Hizo mbili ni za nyumba moja tangu Avast ilipoinunua AVG mwaka 2016, kwa hiyo umeajiri walinzi wawili wa kampuni moja kwenye mlango mmoja. Kila faili unalofungua, huyu analipekua, na mwenzake naye analipekua. Smadav ya Waindonesia hata watengenezaji wake wanaitangaza kama mlinzi wa ziada tu. Ukiipenda ibaki, ingawa Defender naye anakagua flashi. Baada ya hapo kompyuta ikiendelea kujikokota, shida si virusi. Angalia kama bado ina diski ya zamani inayozunguka. Kubadilisha na kuweka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, kutakusaidia kuliko antivirusi yoyote.

Kila nikitoka kuchapa mitihani steshenari, mafolda yote kwenye flashi yanakuwa na kimshale kidogo pembeni. Mara nyingine kazi zangu zinapotea kabisa. Nimeshaformati flashi mara tatu mwaka huu. (Mwalimu, Songea)

Pole sana, mwalimu. Swali hili limenigusa, kwa sababu nimeona watu wakifuta kazi ya mwaka mzima wakidhani imeshaliwa, kumbe ipo palepale.

Kinachotokea ni hiki. Kirusi kimeshakaa kwenye kompyuta ya steshenari. Ukichomeka flashi, kinayaficha mafolda yako halisi, halafu kinaweka njia za mkato (shortcut) zenye majina yaleyale. Ukibofya "Mitihani Kidato cha Pili", folda lako linafunguka kama kawaida, ndiyo maana hushtuki. Lakini kwa mbofyo huohuo umekiamsha kirusi nacho kikahamia kwenye kompyuta yako. Ukitaka kuthibitisha, tazama ukubwa: hivyo vyenye kimshale vina KB 1 au 2 tu, wakati flashi yenyewe inaonyesha imejaa nusu. Kazi zako ndizo zinazoijaza hiyo nusu.

Usiformati. Ukiwa nyumbani, chomeka flashi bila kubofya chochote ndani yake. Fungua dirisha la This PC, bofya alama ya flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kukagua kwa Defender. Hilo lifanye kwa mkono kila mara, maana Defender anapokagua kompyuta nzima, kwa mpangilio wake wa kawaida huziruka flashi. Akishakisafisha kirusi, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua kidirisha cheusi, uandike hivi, ukibadilisha E kuwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Mafolda yatajitokeza moja baada ya jingine. Futa vile vyenye kimshale, halafu kagua na kompyuta yenyewe, la sivyo itaiambukiza flashi upya jioni hiyohiyo.

Na kuanzia sasa, mwalimu, flashi yenye mitihani isivuke mlango wa nyumba yako. Tenga flashi ndogo ya steshenari, uweke humo PDF ya siku hiyo peke yake. Hiyo ndiyo ya kuformati kila ukirudi, bila uchungu.

Hizi za bure, wenyewe wanakula wapi? (Dada, Mombasa)

Ni haki yako kuuliza, dada. Nyingi zinakula kwa kukusumbua: vidirisha vya kila siku vya kukutaka ununue toleo kubwa. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni lile lililoipata Avast. Kupitia kampuni yake tanzu iliyoitwa Jumpshot, iliuza taarifa za kurasa ambazo watumiaji wake walikuwa wakizitembelea, watu walewale walioipakua ili iwalinde. Jumpshot ilifungwa mwaka 2020, na Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaitaka Avast ilipe dola milioni 16.5. Leo Avast, AVG, Avira na Norton zote ziko chini ya kampuni moja, Gen Digital. Sisemi bado wanafanya hivyo. Nasema mwenye kusoma kila ukurasa unaoufungua ni mtu wa kuchaguliwa kwa makini.

Ukitaka ya bure nje ya Defender, mimi ningeelekeza kwa Bitdefender ya Romania, toleo lao la bure. Ipakue kwenye tovuti yao wenyewe, si kwenye tovuti za kukusanya programu. Na wakati wa kuiweka soma kila kidirisha, ukikutana na kitu cha ziada ambacho hukukiomba, kikatae.

Windows 10 yangu inasema haihudumiwi tena. Nikiweka antivirusi nzuri si inatosha? (Mama wa duka, Morogoro)

Haitoshi, mama. Antivirusi inamkamata mwizi aliyeingia. Masasisho ya Windows ndiyo yanayoziba tundu ukutani. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilohilo, kikafunga kompyuta dunia nzima, hadi hospitali za Uingereza zikawarudisha wagonjwa. Waliokuwa wamesasisha walilala salama.

Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft wametoa nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Ukijiandikisha kwa akaunti ya Microsoft na kukubali kuhifadhi mipangilio yako kwao, hulipi. Itafute kwenye ukurasa wa masasisho. Mashine yako ikikubali Windows 11, hamia. Isipokubali kwa uzee wake, mwambie fundi akuwekee Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows. Ni ya bure, na mahesabu ya duka utayafanya kwenye LibreOffice, programu ya kazi kama za Office.

Ujumbe mwekundu unatokea kwenye kona: kompyuta yako ina virusi vitano, bofya hapa. (Mwanafunzi, Kigoma)

Usibofye. Hiyo si antivirusi, ni tovuti uliyoiruhusu kukutumia arifa siku ulipobofya "Allow" bila kusoma. Nenda kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya arifa, uondoe kila tovuti usiyoijua. Zitakoma palepale.

Niliweka Office ya kuvunjwa. Maelekezo yalisema nizime antivirusi kwanza. Kesho yake picha zote za harusi yangu hazifunguki, na kuna barua inayodai dola. Nisaidieni. (Msomaji, Arusha)

Kaka, pole kutoka moyoni. Kwanza usilipe, hakuna anayekuhakikishia kwamba watakupa ufunguo wa kuzifungua picha walizozifunga. Pili usiruhusu fundi yeyote afute diski.

Programu za kuvunjwa ndizo zinazopitisha virusi vya aina hii, hasa ile familia inayoitwa STOP. Maelekezo yakikwambia uzime antivirusi, ujue aliyeyaandika anafahamu itapiga kelele. Wengine wanaosoma hapa wamefanya hivyohivyo wakiogopa Windows yao isiyo na leseni itazimika. Haizimiki: inaweka maandishi pembeni ya skrini na kukunyima kubadili mapambo, lakini Defender anaendelea kufanya kazi.

Chomoa kompyuta kwenye intaneti. Chukua faili moja au mawili yaliyofungwa, pamoja na ile barua, uyapandishe kwenye tovuti ya No More Ransom ukitumia kompyuta nyingine iliyo safi. Ilianzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, na haitozi chochote. Itakwambia ni kirusi gani na kama kifungulio kipo. Kwa STOP, kampuni ya Emsisoft ilitoa kifungulio mwezi Oktoba 2019 kilichofungua aina 148 za wakati huo. Zilizokuja baadaye ni ngumu zaidi, nyingine hazifunguki hadi leo.

Jibu likiwa hapana, nakili picha zote zilizofungwa kwenye diski ya nje, pamoja na barua yao, uziweke kabatini. Ndipo usafishe kompyuta na kuweka Windows upya. Funguo za virusi vingine zimepatikana baada ya polisi kukamata mashine za wahalifu, kwa hiyo rudi kwenye tovuti ile kila baada ya miezi michache. Na leo hii waulize waliohudhuria harusi, mpiga picha kwanza, maana nakala nyingine huenda bado iko kwenye simu ya mtu.