Saa ya papa: tununue Lusaka, Joburg ao Dubai?

Wasomaji wetu, mwezi huu barua za saa za mukono zimekuwa nyingi kuliko za mapenzi, sijui ni juu ya sikukuu zinakaribia ao ni juu dola imetembea kidogo mu Lubumbashi. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, inastahili.

SWALI: Jambo yaya. Mimi niko mutoto wa kwanza, tunakaa komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Papa anaingia retreti mwisho wa mwaka, kiisha miaka 34 ya kazi ya migodi, na sisi watoto 5 tumechanga dola 700 tumununulie saa ya kweli ya Uswisi, juu maisha yake yote alivaa zile za plastiki za soko, moja inakufa ananunua ingine. Tumechagua Tissot PRX ya bulu. Binamu mwenye anafanya transporti ya Kasumbalesa, kule mupaka wa Zambia, alitutumia bei ya Lusaka, dola 470. Rafiki yangu mwenye anaishi Dubai alituma 690. Shemeji wa Joburg anasema kwake iko katikati. Sasa kila mutu anasema Dubai njo bei chini kuliko popote, mbona kwetu imegeuka? Tununue tu kwa majirani wa Zambia?
Mutoto wa kwanza, Katuba

JIBU: Mudogo wangu, unakumbuka mbele sijakujibu nilikuomba unitumie picha za etiketi. Nimeziangalia na jibu liko mule mule. Ile ya Lusaka imeandikwa T137.410.11.041.00, ile ya Dubai T137.407.11.041.00. Angalia vizuri ile 410 na ile 407. Hizo ni saa mbili tofauti kabisa zenye zinavaa koti moja! Ya 410 inatembea na betri, njo wanaita kwatsi. Ya 407 ni otomatiki, haina betri, inajikaza yenyewe mukono ukitembea, mashine yake inaitwa Powermatic 80 juu ukiivua inaendelea saa 80, ni kusema papa akiivua ijumaa magaribi, jumatatu asubuhi ataikuta bado inatembea. Ata kwa macho utaziachanisha: otomatiki uso wake iko na vimiraba vidogo vidogo na mugongo wake ni kioo, unaona mashine inacheza ndani, ya betri uso wake ni laini na mugongo ni chuma kitupu. Kwa hiyo hamukulinganisha Lusaka na Dubai, mulilinganisha mbuzi na ngombe. Andikia wote watatu leo, binamu, rafiki, na shemeji, uwape namba moja ileile mpaka tarakimu ya mwisho, kiisha bei zikirudi njo tutaongea.

Sasa juu ya nini watu wanasema Dubai ni bei chini. Si kwamba Waarabu wako na huruma, ni mambo ya kodi. Saa ikitoka Uswisi, kila nchi inaipiga haki ya duwane, ile kodi ya kuingiza kintu ku mupaka, na kiisha TVA yake, ile kodi yenye inaongezwa ku bei ya kuuzisha. Emirati wanachukua asilimia 5 ku duwane na TVA ya 5 tu, waliianza mwaka 2018. Afrika Kusini TVA ni 15, Zambia 16, sisi Kongo 16, Tanzania na Rwanda 18. Chukua saa moja yenye butiki ingeiuzisha dola 1,000 bila TVA: Dubai utalipa 1,050, Joburg 1,150, Lusaka 1,160, Dar es Salaam 1,180, na hapo sijagusa haki ya duwane yenye kila nchi inapanga kivyake, wala faida ya mwenye butiki. Kuna na kintu kingine watu wanasahau. Dirhamu ya Dubai imefungwa ku dola tangu 1997, dola moja ni dirhamu 3.6725, leo, kesho, na mwaka ujao. Kwacha na randi zinapanda na kushuka, kwa hiyo bei yenye binamu alikutumia wiki ile, akifika na dola zake kwa kambisti wa mupaka, inaweza kuwa bei ingine, na wewe unajua vile noti yenye imepasuka kidogo ku pembe wanaikataa ao wanaikata.

Kuna na marudisho ya TVA. Ku Dubai mugeni mwenye kupita anarudishiwa asilimia 85 ya TVA yenye alilipa, wanakata dirhamu 4.80 za kazi, mradi fakture imepita dirhamu 250 na butiki imeandika pasporti yake siku ya kununua, kiisha anaonyesha saa ku kiwanja cha ndege mbele ya kuingiza mizigo. Kwa 690 yako hiyo ni karibu dola 26. Lakini ni ya mugeni, mudogo wangu. Rafiki yako anaishi kule, yeye hawamurudishii kitu. Akinunua yeye, hizo 26 zimekwenda, bora utafute mutu wa huku mwenye anaenda na kurudi. Joburg pia wanarudishia wageni, na pale njo kuna feza ya kweli juu TVA yao ni 15, ila shemeji mwenye anakaa kule iko ku tatizo lilelile.

Na Zambia? Naelewa, Kasumbalesa unaenda asubuhi unarudi magaribi, na Lusaka kuna ndugu wa kukulalisha. Watu wengi wananiambia, yaya si sisi na Zambia tuko pamoja mu SADC na COMESA, zile jumuiya za biashara za nchi zetu, na tangu 2022 Kongo iko mu Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo kintu cha jirani hakilipi duwane. Apana. Hiyo faveri ni ya kintu chenye kimetengenezwa mu nchi za jumuiya, unga, sabuni, simenti, chenye kiko na karatasi ya kuonyesha kimezaliwa wapi. Tissot imezaliwa Uswisi, ata ikilala miaka 3 mu butiki ya Lusaka, itabaki ya Uswisi. Ukivuka nayo, TVA ya Lusaka imekwisha kulipwa ndani ya bei, na sheria ya kwetu inataka uitangaze ku duwane ulipe haki na TVA ya 16 tena. Umelipa mara mbili. Ongeza hiyo ku hesabu yenu mapema, kuliko kuipata mbele ya ofisa ukiwa na dola 20 mu mufuko.

Hapa nisimame kidogo juu nataka musipate yenye mimi nilipata. Mwaka 2019 nilinunua saa mu muji mukubwa wa jirani, butiki nzuri, kioo, taa, kahawa. Nilifurahi nimepunguziwa dola 60. Kiisha miezi 5 ikaanza kuchelewa dakika 10 kwa siku, nikaituma ku atelie ya wenyewe, wakanirudishia na karatasi: kadi ya garanti haina tarehe, haina muhuri wa muuzaji. Ni kweli, iko mweupe kabisa, na mimi sikuiangalia, nilikuwa naangalia saa. Nililipa matengenezo ya mufuko wangu dola 180. Garanti ya kimataifa haitembei na saa, inatembea na kadi. Muwaambie mwenye atanunua afungue kadi palepale ku kaunta: namba ya saa, tarehe, jina la butiki, muhuri. Kama muuzaji anasema nitakujazia kesho, aache.

Sasa feza yenu. Ile 407 ya Dubai, ata ukirudishiwa zile 26, ukifika ku kiwanja cha ndege cha Luano na kulipa TVA ya kwetu utapita 760, na haki ya duwane bado. Dola 700 hazitoshi. Ile 410 zinatosha, na mimi kwa papa yenu ningechukua hiyo ya betri bila kujuta. Muzee mwenye amezoea saa za plastiki amezoea saa yenye inasema ukweli kila asubuhi. Otomatiki akiiacha mu sanduku wiki moja ataikuta imesimama, atafikiri watoto wamemuletea saa mbovu. Na ule mugongo wa chuma ni mali: munaweza kuchongesha majina ya watoto wote 5 na mwaka wa retreti, kintu chenye hamuwezi ku mugongo wa kioo. Muchongeshe tu kiisha kuivaa wiki moja na kuona inatembea, juu saa yenye imechongwa hakuna butiki itakubali kuibadilisha.

SWALI: Mama wa nguo niko, wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, naenda Dubai mara 3 kwa mwaka. Mukiriyenti wangu mukubwa alinipa komande ya Rolex Submariner. Ku butiki ya wenyewe waliniambia haiko, niandike jina. Nikavuka Deira, mutaa wa soko kule kule Dubai, nikaikuta mbele ya kioo, bei imepita ya kwao na maelfu ya dola. Hawa ni wezi? Na kuna kijana wa huku anasema ananitolea kwa dola 400.
Mama wa Kenya

JIBU: Mama, wa Deira si wezi juu ya ile bei. Rolex inapangia kila nchi bei yake na butiki zake rasmi zinaifuata, lakini watu wenye kutaka Submariner ni wengi kuliko saa zenye zinatoka Geneva, kwa hiyo butiki inachagua mukiriyenti wa kumupa, na mara nyingi ni ule mwenye anaishi pale na alikwisha kununua vingine. Mwenye alibahatika anauzisha upya, na ule wa Deira anaweka bei yenye soko inakubali. Kwa hiyo ukiona mutu anakulinganishia bei ya orodha ya Uswisi, Ufaransa na Dubai, muulize swali moja tu: saa iko? Bei ya saa yenye haiko haikusaidii kitu. Na hii bei ya mitaani inashuka pia, mwanzo wa 2022 zilifika juu sana, kiisha zikaanguka, wenye walinunua siku zile walilia. Usimupe mukiriyenti bei ya kufunga. Mwambie bei ni ya siku hiyo, na akuachie makuta ya mbele, si capital yako ya nguo.

Ukinunua Deira, kadi ya garanti iwe na namba ileile yenye imechongwa ku pete ya ndani ya kioo, chini ku 6. Rolex inatoa garanti ya miaka 5 tangu 2015, lakini hesabu inaanza siku ya kununua ya kwanza, si siku yako.

Na kijana wa dola 400, Mama yangu, nikuonyeshe kintu. Wiki jana nilikaa mbele ya fundi wa saa mu muji, kijimeza sawa cha shule, lupu imekaa ku jicho, na mutu akaleta "Submariner" ya bei hiyo. Fundi hakuifungua kwanza. Aliiweka ku sikio, kiisha akatuonyesha mushale wa sekunde: unaruka tak, tak, tak, moja kwa sekunde. Submariner ya kweli inapiga mara 8 kwa sekunde, mushale unateleza kama mafuta. Ndipo akafungua mugongo. Ndani kulikuwa kabetri kadogo kamezungukwa na plastiki nyeupe, na nafasi tupu, kama nyumba yenye wamehama. Mwenye saa aliangalia chini akaomba wafunge. Usimuletee mukiriyenti wako kintu kama hicho, jina lako ku soko limekuchukua miaka mingi.

SWALI: Niko na Omega yangu ya zamani kidogo. Nikienda Afrika Kusini na kurudi naogopa duwane watasema nimeinunua kule. Nifanye nini?
Wa Likasi

JIBU: Ndugu, mbele ya kutoka, uonyeshe saa ku duwane ya kwetu na uombe wakuandikie karatasi kwamba umetoka nayo, yenye namba ya saa. Piga picha ya mugongo wake na ya fakture, uzitume ku imeli yako juu simu inaweza kuibiwa. Kopi ya fakture weka mu pasporti. Fakture yenyewe na kadi ya garanti viache nyumbani kwa mama watoto, visisafiri mu mufuko mumoja na saa.