Usifute akaunti ya zamani! Faili la CSV halina makala hata moja

Ndugu, kama bado hujabonyeza kufuta, iache hiyo akaunti kama ilivyo.

Umeandika kwamba una makala 640 kwenye programu yako ya zamani ya kuhifadhi makala za kusoma baadaye, umeshatoa faili la CSV (faili la maandishi lililopangwa kama jedwali), leo usiku unaliingiza kwenye programu mpya na kufuta ya zamani. Halafu unauliza ipi bora, ipi haimalizi bando na ipi inasoma kwa sauti. Hayo yasubiri. Lifungue kwanza hilo faili.

Lifungue kwa Excel au programu yoyote ya maandishi. Utakuta safu chache: kichwa cha makala, anwani, namba ya tarakimu 10 (hiyo ndiyo tarehe uliyohifadhi, inahesabiwa kwa sekunde tangu 1 Januari 1970), lebo zako, na kama umesoma au bado. Basi. Tafuta humo aya moja tu ya makala yoyote. Haipo. Makala 640 zenye maneno 1,500 kila moja ni karibu maneno milioni moja, yaani MB 6 hivi za maandishi matupu. Lako angalia lina ngapi. Likiwa na KB 100 au 150, ulichonacho ni orodha ya anwani.

Sasa kinachotokea ukiingiza orodha hiyo kwenye programu mpya ni hiki. Seva yao inachukua anwani ya kwanza, inakwenda kwenye tovuti, inaomba ukurasa upya kama vile hujawahi kuuona. Ukurasa ukiwa hai, inachota maandishi. Ukiwa umekufa, inakuwekea kichwa na ndani patupu, au inahifadhi lile tangazo la "ukurasa haupatikani" kana kwamba ndiyo makala. Mwisho inakuandikia kwamba makala 640 zimeingia. Unafurahi, unafuta ya zamani, na nakala pekee iliyokuwa na maandishi imekwenda. Mimi niliamini hiyo namba nikafuta. Kilichobaki ni vichwa vya habari.

Hapa nina hasira na watu wa video za "hama kwa dakika moja, hupotezi kitu". Wanaonyesha kitufe cha kutoa, wanaonyesha kitufe cha kuingiza, wanaonyesha orodha imejaa, wamemaliza. Hakuna anayefungua makala ya miaka sita nyuma mbele ya kamera. Wanajaribu kwa makala tano walizohifadhi asubuhi hiyohiyo, ambazo kwa vyovyote zitafunguka! Anayekushauri ufute akaunti kabla hajakuonyesha makala ya zamani ikifunguka bila intaneti anakupoteza.

Usidhani kurasa zinazokufa ni chache. Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, ilikagua mwaka 2023 kurasa zilizokuwa mtandaoni mwaka 2013, ikakuta 38% hazifikiki tena. Kwetu tuna sababu za ziada. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 Tanzania zilipodai leseni na ada inayokaribia dola 900 kwa mwaka, wapo wanablogu walioacha kabisa. Magazeti nayo hubadilisha mfumo wa tovuti na muundo wa anwani unabadilika: makala ipo, ila anwani uliyohifadhi haielekei popote. Na kama ulihifadhi linki zilizofupishwa, siku huduma ya kufupisha ikifungwa linki inakufa hata kama makala ni nzima.

Na programu zenyewe zinakufa. Pocket ilianza 2007 kwa jina la Read It Later, Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, wakainunua 2017, ikazimwa 8 Julai 2025. Omnivore, programu nyingine ya aina hiyo iliyopendwa na watu wengi makini, ilitangaza mwishoni mwa Oktoba 2024 kwamba timu yake inahamia ElevenLabs, kampuni ya sauti za akili bandia, na mwezi uliofuata huduma ikafungwa. Kwa hiyo hata nikikuambia leo ipi bora, sikupi kitu cha kutegemea miaka kumi.

Ninachoshikilia ni kimoja: zima data, zima Wi-Fi, fungua makala, shuka hadi mstari wa mwisho. Ikifunguka yote, unayo. Isipofunguka, hujaihifadhi, hata programu ikuwekee alama ya kijani.

Fanya jaribio hilo sasa hivi kwenye programu ya zamani. Chagua makala 20: tano za mwaka wa kwanza, tano za katikati, tano za karibuni, na tano zenye picha au majedwali. Utagundua mambo. Kuna zitakazoishia aya ya pili, kwa sababu tovuti inataka ulipie na seva ya programu haikuwa imeingia kwa akaunti yako, ikapewa kionjo tu. Kuna zitakazokuwa tupu kwa sababu ukurasa ule hujengwa na JavaScript, msimbo unaofanya kazi ndani ya kivinjari, na seva ilipouomba ilipokea ganda tupu. Zile zilizokatwa vipande, "endelea ukurasa wa 2", mara nyingi zina kipande cha kwanza peke yake. Picha ndizo zinazodanganya zaidi: maandishi yanakuwa kwenye simu, lakini picha bado inaitwa kutoka kwenye tovuti kila unapofungua. Tovuti ikifa, picha inakwenda nayo. Hata wallabag, ambayo ni programu huria unayoweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe, haipakui picha mpaka uingie kwenye mipangilio ya ndani uwashe hicho kipengele.

Wakati unafanya haya usitoke kwenye akaunti kwenye simu, na usipitishe zile programu za kusafisha simu. Makala zilizopakuliwa hukaa kwenye hifadhi ya ndani ya programu, na programu nyingi huzifuta ukitoka tu kwenye akaunti. Kuna watu ambao nakala yao ya mwisho ilikuwa kwenye simu wakaiua kwa kubonyeza "safisha".

Sasa kuzitoa. Kwa zile ambazo tovuti bado ipo, tumia SingleFile. Ni kiongezi cha bure cha kivinjari, kipo kwa Chrome na Firefox za kompyuta, na kwenye Android unakiweka ndani ya Firefox. Kinachukua ukurasa mzima, maandishi, picha na mpangilio, na kuufunga kwenye faili moja la HTML ambalo kivinjari chochote kitalifungua. Kwa sababu kinachukua ukurasa uliokwisha kufunguka mbele yako, ule ulioulipia na kuingia kwa akaunti yako unahifadhiwa wote. Ila kabla ya kubonyeza, shuka taratibu mpaka chini kabisa. Tovuti nyingi hazileti picha mpaka uifikie sehemu yake, na ukihifadhi ukiwa juu utapata visanduku vya kijivu. Jina la faili anza na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kwa mfano 2021-03-14, kisha kichwa. Vinginevyo makala 640 zitajipanga ovyo na hutapata kitu.

Habari ya bando, maana uliuliza: makala ya gazeti yenye picha inaweza kufika MB 3 hadi 5, hivyo zako zote ni kama GB 2 hadi 3. Zinaingia kwenye fleshi ya GB 4 na nafasi inabaki. Usizifanye zote kwa data ya simu. Kwa zile unazotaka maandishi tu, fungua mwonekano wa kusoma wa kivinjari kisha chapisha kuwa PDF. Hapo unashuka hadi KB mia chache. PDF ina ubaya wake, kwenye simu ndogo maandishi hayajipangi upya na utasoma kwa kuvuta huku na huku.

Zile ambazo tovuti imekufa lakini programu ya zamani bado inazionyesha ndizo za kuanza nazo, leo, kabla ya nyingine zote, maana hazina pa kwenda kurudiwa. Ingia kwenye akaunti kupitia kompyuta, fungua makala moja moja ndani ya programu yenyewe, na uihifadhi hapo kwa SingleFile. Kwa dakika moja kila moja, makala 100 ni chini ya saa mbili.

Zilizokufa kote kuwili, chukua anwani kutoka kwenye CSV, kata kila kitu kuanzia alama ya kuuliza ikiwa mkia wake unaanza na utm (hizo ni alama za kufuatilia wasomaji tu), bandika kwenye web.archive.org, ghala la nakala za zamani za kurasa, uchague tarehe iliyo karibu na ile uliyohifadhi. Ukichagua ya karibuni sana utapata nakala ya ukurasa ukiwa umeshakufa. Zikipatikana, nazo zipitishe SingleFile.

Faili hizo ziweke sehemu mbili, fleshi na kompyuta, na kila unapoongeza fungua mbili tatu ukiwa umezima mtandao. Programu mpya iweke ukitaka, ni nzuri kwa kusomea kwenye daladala. Isiwe ghala.

Leo anza na hizo za tovuti zilizokufa. Zitakazokataa weka anwani zake hapahapa, nitazijaribu moja moja kwenye archive.