Wastani wa Aristotle si nusu kwa nusu

SWALI: Salamu kutoka Ujiji, Kigoma. Tuko watatu tunasoma kitabu cha maadili cha Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kile chenye jina la Nicomachus. Kitabu cha pili, yaani sehemu yake ya pili, kimetugawa. Kinasema fadhila, yaani sifa njema ya mtu kama ujasiri, iko katikati ya kuzidi na kupungua. Mwenzetu anadai basi kuiba kidogo ni ruksa. Tena nakala zetu ni tofauti, mmoja akitaja ukurasa wengine hawauoni. Tufanyeje?

JIBU: Mwenzenu ameweka kitabu chini mapema mno. Someni sura ya 6 hadi mwisho. Aristotle anataja uzinzi, wizi na uuaji, kisha anasema hayo hayana katikati, kwa kuwa ubaya umo ndani ya jina lenyewe. Hakuna, anasema, kuzini na mwanamke anayefaa kwa wakati unaofaa. (Mzee alikuwa na utani wake.)

Kosa jingine ni kupiga hesabu. Sura hiyohiyo inasema: ikiwa chakula cha mina 10 (mina ni kipimo cha uzito cha Wagiriki wa kale) ni kingi na cha mina 2 ni kidogo, mwalimu wa mieleka haagizi tu mina 6. Kwa bingwa Milo hizo ni chache, kwa anayeanza mazoezi ni nyingi. Wastani ni wa "kwetu sisi", yaani unaomfaa mtu na hali yake, si wa namba. Mchukueni mvuvi wa dagaa hapo ziwani, upepo umeanza kuvuma. Ujasiri si kwenda nusu ya safari. Kuingia ziwani kuokoa waliopinduka kunaweza kuwa ujasiri. Kuingia katika upepo huohuo kwa ajili ya ndoo moja ya dagaa ni kujitupa tu.

Kuhusu kurasa, achaneni nazo. Tazameni pembezoni mwa maandishi kuna namba kama 1106b36. Zinatokana na chapa ya Immanuel Bekker, Berlin, 1831: ukurasa wa 1106, safu ya pili (ndiyo b), mstari wa 36. Nakala isiyo nazo, tajeni kitabu na sura, ila mjue matoleo mengine hukata sura tofauti.

Kwa kuwa mko watatu, gawaneni kazi. Mmoja asome sura moja kwa sauti, wa pili aseme dai lake kwa Kiswahili chake bila kutazama kitabu, wa tatu awinde kila "kwa sababu". Kabla ya kugombana linganisheni tafsiri. Neno moja la Kigiriki, mfasiri huyu ataliita "hali", yule "tabia", na mtabishana usiku kucha juu ya wafasiri.

SWALI: Niko Tabora mjini. Kati ya wanafalsafa wa maadili Kant na Mill, nianze na nani?

JIBU: Mill. Utetezi wake wa kanuni ya manufaa (kwamba tendo jema ni lile linaloleta furaha zaidi), uitwao Utilitarianism, uliotoka jaridani mwaka 1861, una sura 5, na ya pili inajibu pingamizi moja baada ya jingine. Kitabu kidogo cha Kant cha 1785, kinachojulikana kwa Kiingereza kama Groundwork, kina sehemu 3 tu lakini ni kizito. Ukifika kwake, sehemu ya kwanza isome mara mbili kabla ya kugusa ya pili.