Chozi kutoka mweusi kwenye picha

Umeuliza kwa nini chozi, yule ndege mdogo anayenyonya nekta ya maua, ametoka mweusi kwenye picha yako. Kamera yako nzima kabisa. Huyo ni chozi yuleyule uliyemwona akiwaka kijani kwa macho. Mng'ao wake hautokani na rangi, unatokana na tabaka nyembamba mno ndani ya unyoya zinazorudisha mwanga upande fulani tu. Ukimpiga picha jua likiwa mbele yako, mwanga haukufikii, anatoka mweusi kama mkaa. Angalia tumbo kwenye picha hiyohiyo: manjano imebaki manjano, maana hiyo ni rangi ya kawaida.

Nina mshubiri mmoja kando ya uzio, anakuja kunyonya maua yake, na picha zangu nzuri zote nimezipata asubuhi kabla ya saa tatu, jua likiwa mgongoni. Piga nyingi mfululizo. Akigeuza shingo kidogo tu kifua kinawaka zambarau, halafu kinazima. Kasi ya shata, yaani muda kamera inaoachia mwanga uingie, anzia sekunde 1/1000, hatulii huyo.

Ila ukiona mgongo wa kahawia-kijivu hata juani, usihangaike na mwanga. Huyo kwa kawaida ni jike, hana mng'ao huo.