Maswali ya Karakana: Milling ya Nyumbani

*Nina drili ya mezani. Nikiifungia meza ile inayosogea pande mbili, si nitakuwa na milling, mashine ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka? (Kondele, Kisumu)*

La. Swali hili halichoki kuja, nami sichoki kulikataa. Beringi za drili zinabeba mzigo wa kushuka, si wa kusukumwa ubavuni. Kishikio cha biti nacho kimegongewa tu kwenye koni: ukianza kuchonga pembeni kinalegea na kuchomoka kikiwa bado kinazunguka. Meza iuze.

*Nimestaafu, nataka mashine ndogo ya kujishughulisha nayo. Moja ni wati 500, nyingine wati 750, bei karibu sawa. Nichukue ipi? (Njoro)*

Mzee wangu, mbona hukuniambia uzito wake? Wauzaji wanajua mnunuzi hutazama wati, ndiyo maana wati huandikwa kwa herufi kubwa na kilo hufichwa chini. Kisu kikiuma chuma, nguzo, kichwa na meza vyote hutaka kukwepa. Mashine nyepesi hutetemeka; pitisha ukucha juu ya kazi utahisi matuta, na zile wati za ziada zimekuongezea kelele tu. Ya kilo 60 itachonga alumini na shaba vizuri, lakini chuma laini utakiparura kidogo kidogo. Kama una benchi imara na vijana wa kukubebea, tafuta ya kilo 120 kwenda juu.

Kisha tazama nguzo. Ya duara ina shida moja: ukipandisha kichwa ili ubadilishe kisu, kichwa kinageuka na kipimo ulichokihangaikia kimepotea. Chukua ya mraba yenye reli. Spindo, mhimili unaozungusha kisu, iwe na tundu la koni ya R8 au Morse namba 3, vifaa vyake si adimu.

Halafu usimalize pesa zote kwa muuzaji wa mashine. Kuna vaisi, koleti za kushikia kisu, endimili (ndivyo visu vyenyewe), vibano na saa ya kupimia, na jumla yake itakushtua. Nimeona mashine mpya kabisa imefunikwa gunia kwa sababu mwenyewe alibaki bila hata vaisi.

*Je, itanichongea njia ya kii kwenye puli ya mashine ya kusaga unga? (Mumias)*

Nusu ya kazi. Kii ni kipande cha chuma kinachofunga puli isiteleze kwenye shafti. Kwenye shafti, ndiyo: shafti ya milimita 25 hutaka kii ya upana wa milimita 8, na mfereji wa kina cha 4. Ndani ya tundu la puli, hapana, maana kisu kinachozunguka hakiingii humo kuchonga kona. Hapo ni brochi, kisu kirefu chenye meno, kinachosukumwa kwa presi. Na nyinyi mnaochomelea puli kwenye shafti ili kazi iishe haraka, siku beringi ikifa mtaitoa vipi?

*Endimili zangu zinavunjika. Tatizo ni nini? (Kisumu)*

Hukusema kipenyo, hukusema chuma gani, hukusema kasi. Mimi si mganga. Kwa chuma laini na kisu cha hai-spidi, makali yaende mita 25 kwa dakika: zidisha kwa 1000, gawanya kwa 3.14, gawanya tena kwa kipenyo cha milimita. Kisu cha milimita 10 kinataka mizunguko kama 800 kwa dakika. Wengi hukipeleka 2000, makali yanaungua, kisha wanalaumu Uchina.

*Nimepata milling kubwa ya zamani Bondeni, ya fezi tatu. Nyumbani nina fezi moja. (Nakuru)*

Soma kibao cha mota kabla ya kutoa hata deposti. Kikisema volti 220/380, nyaya zake zinaungwa kwa delta (muungo wa ile volti ndogo) na kulishwa na invata, kifaa kinachopokea volti 240 za fezi moja na kutoa fezi tatu. Kikisema 380/660, invata ya kawaida haitatosha. Panga bei ya mota nyingine. Kisha zungusha gurudumu la meza mbele, halafu nyuma. Likienda robo mzunguko kabla meza haijasogea, nati ya skrubu inayosogeza meza imelika. Ikiwa hivyo, usisogeze kazi kule kule yanakoelekea makali ya kisu, meza itanyakuliwa. Na milling kubwa ya wima ya aina ya Bridgeport hukaribia tani moja. Umepima mlango?

*Kutu inanimaliza huku karibu na ziwa. (Dunga)*

Paka mafuta kila ukimaliza kazi na ufunike kwa kitambaa. Nailoni itoe, inafungia unyevu ndani.